Sura ya Nne: Deni la Msimulizi

Filamu ya The X-Files iliyotoka Juni 1998 ina ushoroba mmoja wa jengo la makazi ambao mashabiki wanaujua kuliko ushoroba wa nyumba zao. Dana Scully, mpelelezi wa FBI, amekuja kuaga: anahamishiwa mji mwingine, naye ameona heri aache kazi kabisa. Fox Mulder, mwenzake wa miaka mitano, anamfuata nje ya mlango. Maneno ni machache na sauti ziko chini. Anaushika uso wa Scully kwa mikono miwili, anainama, vichwa vinasogeleana hadi baina ya midomo hapapiti hata karatasi. Ghafla Scully anashtuka na kujishika shingo. Nyuki aliyejificha kwenye ukosi wake amemchoma, na sumu aliyoibeba inamwangusha chini mbele ya Mulder. Busu likaahirishwa. Watazamaji walikuwa wamelisubiri tangu Septemba 1993, kwa vipindi zaidi ya 100, na wangelisubiri tena hadi Novemba 1999, katika kipindi kilichowaonyesha wapelelezi hao wakiukaribisha mwaka 2000. Ni rahisi kuwacheka watu waliohesabu siku hizo zote. Kabla ya kuwacheka, tumtazame nyuki. Hakuingia kwenye ukosi kwa bahati yake. Kuna mtu aliyekaa mezani akamwandika.

Mashabiki wa tamthilia hiyo walikuwa wamegawanyika kambi mbili. Waliotaka wapelelezi wale wapendane walijiita kwa mkia wa neno la Kiingereza relationship, yaani uhusiano. Mkia huo, ship, ukisimama peke yake ni meli, ingawa bahari haihusiki hapa kwa lolote. Waliotaka kazi ibaki kazi waliitwa noromo, kifupi cha kusema mahaba hapana. Mkia ule ukageuka kitenzi, ukasafiri, na leo kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anasema “nawaship” juu ya watu wawili wa kwenye tamthilia bila kujua kwamba neno hilo lilizaliwa kwenye ugomvi juu ya wapelelezi waliokuwa wakiwasaka viumbe wa anga za mbali. Katika sura hii nitawaita mashabiki wa kapo, maana kapo ndilo neno lililo midomoni mwa watu. Wapo waliojaribu kusema “wapenzi wa jozi za wahusika wa kubuni”, na nadhani hata wao wakifika nyumbani husema kapo.

Kuna namna mbili zilizozoeleka za kuwaeleza watu hawa. Wengine husema ni wapweke, wanaoazima mapenzi ya wahusika kwa kuwa ya kwao hayapo. Wengine husema wameupoteza mpaka kati ya hadithi na maisha. Sioni kama mojawapo ya kauli hizo inaeleza ukali wao, wala subira yao, wala tabia yao ya kutaja ushahidi: kipindi cha ngapi, dakika ya ngapi, nani alimtazama nani baada ya mlango kufungwa. Mpweke hahitaji ushahidi. Anayeuhitaji ni mtu mwenye kesi, na ndiyo maana nasema shabiki wa kapo, mara nyingi, ni mdai. Hadithi inayotolewa vipande vipande, iwe kwa wiki au kwa mwaka, huuzwa kwa mkopo: msikilizaji anatanguliza subira yake, msimulizi anabaki na deni. Tunasema ahadi ni deni, na kwa kawaida tunamwambia mtu aliyeahidi kwa mdomo. Msimulizi huahidi bila kufungua mdomo. Anawaweka wawili chumba kimoja mara nyingi kuliko inavyohitajika, anaikata sura pale mkono unapoufikia mkono, anatuma nyuki. Katika ngano za mdomo jambo hili liko wazi tangu mwanzo. Msimulizi akisema paukwa, hasogei mpaka aitikiwe pakawa. Kitabu na televisheni vilimwezesha msimulizi asimsikie anayeitikia, lakini anayeitikia hakuondoka.

Mwitikio mmoja wa mapema tulio nao kwa maandishi ni wa bibi mmoja wa Lancashire, Uingereza. Samuel Richardson, mpiga chapa wa London aliyegeuka mwandishi wa riwaya, alianza kuchapisha Clarissa Desemba 1747. Riwaya hiyo ni ndefu kupita kiasi, na aliitoa kwa awamu tatu ndani ya mwaka mzima, kila awamu ikimwacha binti Clarissa kwenye hatari kubwa zaidi mikononi mwa Lovelace, mtanashati mwongo mwenye ulimi wa asali. Kabla awamu ya mwisho haijatoka ulienea uvumi kwamba binti atakufa. Lady Bradshaigh, mke wa mtu mwenye cheo na mashamba, akajificha nyuma ya jina la uongo, Belfour, akamwandikia Richardson kumsihi abadili: Lovelace atubu, Clarissa aokoke, waoane. Waliandikiana kwa muda mrefu kabla ya kuonana uso kwa uso. Katika kujuana huko Richardson alimpelekea maelezo ya umbo lake ili amtambue akimwona matembezini kwenye bustani ya St James: mtu mfupi, mnene kiasi, mwenye wigi, mkono mmoja umetiwa kifuani ndani ya koti na mwingine umeshika fimbo. Mwandishi maarufu wa miaka 60 hivi alikuwa akijieleza kama mtu anayekwenda kupokewa stendi, kwa ajili ya msomaji aliyetaka kapo.

Mtu makini atapinga hapa hapa, na atakuwa na haki. Lovelace si kijana mtukutu tu. Katika awamu ya mwisho anamlevya Clarissa na kumbaka. Je, tumwite mdai mwenye haki msomaji anayetaka binti huyo aolewe na mtu wa namna hiyo? Bibi yule alianza kuomba kabla hajayasoma hayo, ingawa hata baada ya kuyasoma moyo wake haukumtupa kabisa Lovelace. Naona lawama hii ni nzito, na inawafikia mashabiki wa leo pia, wanaopamba ukatili kwa maua kwa sababu mkatili ana sura nzuri. Lakini tuangalie alichofanya Richardson. Katika matoleo yaliyofuata, la 1749 na hasa la 1751, aliongeza kurasa na maelezo ya kumchafua Lovelace, kwa kuwa wasomaji wengi walikuwa wamempenda. Mwandishi hachafui upya mhusika ambaye alikuwa tayari mchafu wa kutosha. Alijua kwamba juzuu zake za mwanzo zilikuwa zimempamba mtu huyo, zikampa barua tamu kuliko za wengine wote kitabuni, na kwamba wasomaji walichukua walichopewa. Dada yake Lady Bradshaigh, Lady Echlin, naye aliandika mwisho wake wa kitabu, ambao haukuchapishwa hadi 1982. Yeye hakuwaozesha. Aliufuta ubakaji, akamfanya Lovelace atubu, kisha akawaua wote wawili kwa heshima. Ndani ya familia moja kulikuwa na madai mawili tofauti juu ya hadithi ile ile, na hilo peke yake linatosha kutuonya tusiwaone mashabiki hawa kama kundi lenye kiu moja.

Kisa cha Louisa May Alcott ndicho ninachokiona kizito kuliko vyote, kwa sababu mdaiwa mwenyewe alieleza alivyolipa. Sehemu ya kwanza ya Little Women ilitoka Boston mwaka 1868. Ina mabinti wanne wa familia maskini yenye heshima, na jirani kijana tajiri, Laurie, anayeingia na kutoka nyumbani kwao kama mmoja wao, hasa kwa ajili ya Jo, binti mwenye ulimi mkali anayetaka kuwa mwandishi. Alcott aliimaliza sehemu hiyo kwa mfano wa jukwaa: pazia linashuka, na kama litapanda tena kutategemea jinsi watazamaji watakavyoipokea. Hakuna ahadi iliyo wazi kuliko hiyo. Watazamaji wakaipokea kwa barua, na karibu kila barua iliuliza jambo moja: wanaolewa na nani? Novemba 1868, akianza sehemu ya pili, Alcott aliandika katika shajara yake kwa kuudhika kwamba wasichana wanauliza hivyo kana kwamba kuolewa ndiyo shabaha pekee ya maisha ya mwanamke, na akaapa kutomwoza Jo kwa Laurie ili kumfurahisha yeyote. Yeye mwenyewe hakuolewa maisha yake yote. Kwa maelezo yake kwa rafiki, Jo alipaswa kubaki mwandishi asiye na mume, lakini kelele za wasomaji zilikuwa kubwa mno, kwa hiyo akamtafutia kwa ukaidi mchumba wa kuchekesha.

Mchumba huyo ni Profesa Bhaer, Mjerumani mwenye ndevu, maskini, mkubwa kwa Jo kwa miaka mingi. Sehemu ya pili ilitoka Aprili 1869, na uchumba unafanyika barabarani mvua ikinyesha, watu wawili chini ya mwavuli mmoja, sketi ya Jo imelowa na kuchafuka matope, mikono imejaa vifurushi. Laurie amekwisha kumwoa Amy, mdogo wa Jo. Wakosoaji wengi huusoma mwisho huu kama ushindi wa mwandishi dhidi ya wasomaji wake. Mimi nauona kama malipo ya deni kwa sarafu ambayo mdai hakuiomba. Kama Alcott angekuwa huru kweli, Jo asingeolewa. Aliolewa kwa sababu barua zilikuja. Aliolewa na Bhaer kwa sababu barua zilitaka Laurie. Ukaidi nao ni jibu, na anayejibu amekubali kwamba ameulizwa. Kuna jambo jingine ambalo mashabiki wa Laurie hawapendi kulisikia: Alcott alikuwa amewasikia vibaya, lakini hakuwa amekosea kuhusu kilichokuwa hatarini. Msichana wa 1868 aliyetaka Jo aolewe na Laurie alitaka, bila kujua, kumwingiza kwenye nyumba ya kitajiri ambamo kalamu ingekauka. Deni halali halimfanyi mdai awe na hekima. Miaka 150 baadaye Greta Gerwig alipoitengeneza filamu yake ya 2019, alimweka Jo mbele ya mchapishaji wakipatana bei ya kitabu, na ndoa ya mhusika mkuu ikiwa sehemu ya mapatano. Nakiona kipande hicho cha filamu kuwa uhakiki bora kuliko mwingi uliochapishwa na vyuo vikuu.

Charles Dickens alidaiwa na mtu mmoja tu, akalipa mara moja. Great Expectations ilitoka kila wiki kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Katika mwisho wa kwanza alioandika, Pip anatembea London na mtoto wa rafiki yake, Estella anamwita kutoka kwenye gari la farasi, anamdhania mtoto ni wa Pip, wanashikana mikono, basi. Ameolewa na daktari. Edward Bulwer-Lytton, mwandishi mwenzake aliyekuwa na cheo cha Sir, aliusoma kabla haujachapwa, akamshauri abadili, na Dickens akaandika mwisho mwingine, ule wa magofu na ukungu ambamo wawili hao wanatoka wameshikana mikono. Mwisho wa kwanza haukujulikana na umma hadi John Forster alipouchapisha katika wasifu wa Dickens, baada ya mwandishi kufariki. Bulwer-Lytton hakuitwa shabiki wala mtu aliyechanganyikiwa. Aliitwa rafiki mwenye ushauri. Na maprofesa wanaobishana hadi leo kama maneno ya mwisho ya kitabu yanamaanisha Pip na Estella watakaa pamoja, wanafanya kazi ile ile ya binti wa miaka 15 anayesimamisha picha kwenye simu ili atazame kidole kilichogusa bega. Tofauti ni tanbihi.

Wauzaji wa hadithi, kwa upande wao, wameielewa biashara hii vizuri kabisa. Anayefuatilia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili anajua kwamba kipindi hakikatwi pale jambo linapoisha. Hukatwa pale linapotaka kuanza. Mara nyingine biashara hiyo humgeukia mwenyewe. Tamthilia ya Marekani iitwayo The 100 ilikuwa na wanawake wawili, Clarke na Lexa, ambao uhusiano wao ulikuwa umewavuta mashabiki wengi, na watengenezaji waliwachombeza mashabiki hao mitandaoni wasiondoke, kwamba waendelee kuamini. Tarehe 3 Machi 2016, dakika chache baada ya wawili hao hatimaye kuwa pamoja, Lexa aliuawa kwa risasi iliyomkusudia mtu mwingine. Hasira iliyolipuka ilishangaza wengi. Mwongozaji mkuu wa tamthilia hiyo, Jason Rothenberg, aliandika kuomba radhi mwezi huo huo. Na waliokasirika, pamoja na matusi yaliyokuwapo, walichangisha zaidi ya dola 100,000 kwa shirika linalozuia vijana wapenzi wa jinsia moja kujiua. Kama ugomvi ungekuwa juu ya kifo cha mhusika peke yake, tamthilia hiyo ilikuwa imeua wahusika wengi bila yeyote kuombwa radhi. Kilichouma ni kuchombezwa kwanza.

Sasa nifike kwenye pingamizi linaloitikisa hoja yangu yenyewe. Kuna kapo ambazo hazikuahidiwa na mtu yeyote. Mwaka 1681 Nahum Tate aliiandika upya King Lear ya Shakespeare, akamwacha mfalme hai na kumwoza Cordelia kwa Edgar. Katika tamthilia ya Shakespeare, Cordelia na Edgar hawasemezani hata neno moja. Tate alilijua hilo na alilitaja katika utangulizi wake. Kwake, huo ukimya ulikuwa nafasi. Watazamaji wa Uingereza waliipenda tamthilia ya Tate kiasi kwamba ililitawala jukwaa kwa karibu miaka 150, na Samuel Johnson, mhariri mkubwa wa Shakespeare, aliitetea, akikiri kwamba kifo cha Cordelia kilimuumiza hata akaogopa kukisoma tena mpaka kazi ya uhariri ilipomlazimisha. Vivyo hivyo Kapteni Kirk na Spock wa Star Trek, iliyoonyeshwa kati ya 1966 na 1969. Hakuna mwandishi wa tamthilia hiyo aliyetia saini hati ya mapenzi kati ya wanaume hao wawili. Mashabiki, wengi wao wanawake, ndio walioanza kuandika hadithi zao na kuzichapa kwenye vijarida vya mashine ya kurudufia. Hadithi ya kwanza ya aina hiyo kuchapishwa, mwaka 1974, haikuthubutu hata kutaja majina yao. Hapo pana deni gani?

Hakuna. Hapo pana shamba lisilolimwa. Itabidi nikubali kwamba chini ya jina moja la mashabiki wa kapo kuna watu wa aina mbili, na kwamba makosa mengi katika kuwajadili hutokana na kuwachanganya. Mdai anamtazama msimulizi. Anataka hadithi yenyewe itimize. Mkulima amempa msimulizi kisogo, anapanda pale palipoachwa wazi. Henry Jenkins, katika kitabu chake cha 1992 kilichofungua elimu ya mashabiki, aliwafananisha na majangili wanaowinda kwenye pori la bwana. Mfano huo una nguvu, lakini naona unakosea mahali pamoja: mnyama wa jangili hufa, na bwana hupungukiwa. Aliyewaandikia Kirk na Spock mapenzi hakuchukua kitu kwa aliyebaki nyuma akitazama tamthilia ileile ya vyombo vya angani. Angalia hata alama wanazotumia. Katika Archive of Our Own, hazina kubwa ya hadithi za mashabiki iliyofunguliwa mwaka 2009 na ambayo sasa ina zaidi ya hadithi milioni 10, majina mawili yakitenganishwa kwa mkwaju, ni mapenzi. Yakiunganishwa kwa alama ya “na”, ni urafiki. Mkwaju mmoja unamwambia msomaji mapema shamba hili limelimwa nini, aingie au apite zake. Mdai hana adabu hiyo, kwa sababu yeye hataki kupita, anataka alipwe.

Mavuno ya wakulima hawa, kwa njia, hayakubaki kijijini. Fifty Shades of Grey ilianza kama hadithi ya shabiki wa Twilight juu ya Edward na Bella, majina yakabadilishwa, na vitabu hivyo vikauza nakala zaidi ya milioni 100. The Love Hypothesis ya 2021 ilianza kama hadithi ya kapo ya Star Wars. Sina haja ya kusifia ubora wa vyote. Cha kwanza kimeandikwa vibaya, na mamilioni ya wanunuzi hayakukisahihisha.

Pingamizi la pili ni la mwenye mali: hadithi ni ya aliyeiandika, akisema Ron ndiye wa Hermione basi mjadala umefungwa. Julai 2005, siku ileile kitabu cha sita cha Harry Potter kilipotoka, J. K. Rowling alihojiwa na mashabiki wawili, na mmoja wao akasema kwamba waliotaka Harry awe na Hermione walikuwa wamechanganyikiwa. Ugomvi uliofuata ulikuwa mkubwa. Karibu miaka 9 baadaye, Februari 2014, katika mazungumzo na Emma Watson, aliyeigiza Hermione, Rowling alisema kwamba alimpa Hermione Ron kwa kutimiza haja yake mwenyewe, si kwa sababu hadithi ilidai hivyo. Walioitwa wamechanganyikiwa walikuwa na haki ya kucheka wiki nzima. Lakini sichukui kauli ya 2014 kuwa hukumu mpya inayofuta ya zamani. Hilo lingekuwa kumpa mwandishi ujaji mara ya pili. Inaonyesha kitu kidogo zaidi: mwandishi mwenyewe alikuwa na kapo yake, akiipendelea kwa sababu za moyoni, na tofauti kati yake na mashabiki ilikuwa kwamba kalamu ya kwanza ilikuwa mkononi mwake.

Wapo wanaosema haya yote ni ugonjwa wa vijana wa intaneti. China ya karne ya 18 na ya 19 inatosha kuwajibu. Ndoto ya Jumba Jekundu, riwaya ya Cao Xueqin, ilibaki na sura 80 mwandishi alipofariki, na ilipochapishwa 1791 ilikuwa na sura 120, ambamo Daiyu anakufa huku mpenzi wake Baoyu akiozwa kwa hila kwa Baochai. Hazikupita hata miaka kumi, zikaanza kuchapishwa riwaya za kuiendeleza ambamo Daiyu anafufuka. Msomi Zou Tao ameeleza jinsi yeye na rafiki yake wa siku nyingi, mmoja upande wa Daiyu na mwingine wa Baochai, walivyobishana mpaka nusura warushiane ngumi, kisha wakaapiana kutokizungumzia kitabu hicho tena. Walikuwa watu wazima, wenye elimu, bila simu.

Pingamizi ambalo silipati jibu kamili ni lile la madhara. Mdai anaweza kughushi hati. Waliosadiki kwamba tamthilia ya Sherlock ya BBC ingewaunganisha Holmes na Watson waliambiwa na waandishi wake, mara kadhaa na hadharani, kwamba haitakuwa hivyo. Wakaamua kwamba kukana huko ni sehemu ya mpango. Kipindi cha mwisho kilipopita Januari 15, 2017 bila mapenzi hayo, baadhi yao walisadiki kwamba kipo kipindi kingine cha siri, na kwamba Apple Tree Yard, tamthilia mpya iliyotangazwa kwa Jumapili iliyofuata, ni pazia la kukificha. Jumapili ikafika. Ikawa Apple Tree Yard. Ushahidi ambao haukubali kukanushwa na chochote umeacha kuwa ushahidi, na mdai wa aina hiyo hastahili kusikilizwa, hata kama aliyechezea subira yake kwa miaka ana lawama. Kibaya zaidi ni pale dai linapohama kutoka kwa mhusika kwenda kwa mtu mwenye damu. Louis Tomlinson wa One Direction alisema wazi kwamba hadithi zilizomuunganisha kimapenzi na mwimbaji mwenzake Harry Styles ziliuharibu ukaribu wao. Walianza kuchunga mwenendo wao. Scully hachungi. Jo hachungi. Msimulizi anaweza kutuahidi maisha ya wahusika kwa sababu ni yake kuyaahidi. Maisha ya mwimbaji hakuna aliyeyaweka rehani, na anayeyadai hadai deni, anapora.

Nakala ya Clarissa aliyoisoma Lady Bradshaigh bado ipo, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Pembezoni mwa kurasa zake kuna miandiko miwili. Mmoja ni wake: analalamika, anashangilia, anamgombeza Lovelace, anamsahihisha mwandishi. Wa pili ni wa Richardson, aliyepelekewa vitabu hivyo avisome na akaamua kujibu palepale pembezoni, hoja kwa hoja, mara akikubali, mara akijitetea, juu ya hadithi ambayo ilikuwa imekwisha kuchapwa na kuuzwa miaka mingi nyuma. Na ndani ya juzuu ya mwisho, bibi yule ameandika kwa mkono wake jinsi ilivyopaswa kuisha.